Wimbo Wakati wa Vita: Sinema ya Askari Waimbaji ya Mwaka 1943 na Mafunzo Yake Kwetu

Mazungumzo ya redio juu ya amani, yaliyochapishwa ili yasomwe katika familia, kambini, na katika mikutano ya viongozi wa mitaa na vijiji.

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya wimbo. Labda utasema: wimbo wa nini, nasi tuko katika kilio? Swali hilo ni la haki. Katika makambi mengi watu wanagombana juu yake. Mzee mmoja anasema, ngoma inyamaze, kwani wafu wetu bado hawajazikwa vema. Mama mwingine anajibu, watoto hawa wasipoimba wataota bunduki usiku na mchana. Wote wawili wana sababu. Kwa hiyo hatutaanza na hukumu. Tutaanza na historia ya mahali pengine, ya watu wengine, waliokuwa na swali hilo hilo katika vita kubwa kuliko zote. Ukiisoma hadi mwisho, utaona wewe mwenyewe ni kitu gani cha kuchukua na ni kitu gani cha kuacha.

Historia hiyo ni ya sinema moja ya Marekani iliyotoka mwaka 1943. Jina lake ni This Is the Army, maana yake "Hili Ndilo Jeshi". Ni sinema ya nyimbo na michezo, iliyotengenezwa Hollywood ili kutia watu moyo na kukusanya fedha kwa ajili ya jamaa za askari.

1. Mtoto aliyeona nyumba yao ikiwaka

Mtu aliyetunga nyimbo za sinema hiyo aliitwa Irving Berlin. Alizaliwa mwaka 1888 katika Dola ya Urusi, katika familia ya Wayahudi. Jina lake la utoto lilikuwa Israel. Baba yake alikuwa mwimbaji wa sala katika sinagogi. Nyakati zile, Wayahudi wa Urusi walishambuliwa mara kwa mara na majirani zao. Nyumba zilichomwa, mali ikaibiwa, watu wakauawa, na mara nyingi wakubwa wa serikali walitazama tu. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba jambo moja alilokumbuka kutoka nchi ile ni hili: amelala juu ya blanketi kando ya njia, anatazama nyumba yao ikiteketea kwa moto.

Msomaji, labda na wewe unaye mtoto mwenye kumbukumbu ya namna hiyo. Basi fuata safari ya mtoto huyu.

Mwaka 1893 familia ilifika New York kwa meli. Israel alikuwa na umri wa miaka mitano. Walikaa katika mtaa wa maskini uliojaa wahamiaji, watu wengi katika vyumba vichache. Baba hakupata kazi ya kutosha, akafa mwaka 1901. Mtoto akaacha shule, akauza magazeti, kisha akaondoka nyumbani akiwa kijana mdogo sana ili asiwe mzigo kwa mama. Aliimba barabarani na katika mabaa, watu wakamtupia sarafu. Baadaye akawa mhudumu wa mkahawa mwenye kuimba huku akipeleka sahani. Hakujua kusoma noti za muziki. Alipiga piano kwa kusikia tu, na alipotunga wimbo, mtu mwingine ndiye aliyeuandika. Hata hivyo, kufikia mwaka 1911 nyimbo zake zilikuwa zinaimbwa katika Marekani yote.

Huyo ndiye mkimbizi aliyekuja kuifundisha nchi iliyompokea kujiimbia yenyewe. Tunalisema jambo hili kwanza kwa nyinyi viongozi. Mara nyingi mgeni aliyekimbia vita anahesabiwa kama kinywa cha kula tu. Lakini katika foleni ile ya kungoja unga na mafuta, wamesimama mafundi, walimu, wakunga na waimbaji. Kiongozi mwenye akili anauliza mapema: huyu anajua kufanya nini?

2. Onyesho la kwanza, na nyumba isiyojengwa

Marekani iliingia katika vita kuu ya kwanza mwaka 1917. Mwaka 1918 Berlin aliandikishwa askari, akapelekwa katika kambi ya Upton, karibu na mji mdogo uitwao Yaphank, si mbali na New York. Maisha ya kambi yalimchosha, hasa kuamka alfajiri kwa tarumbeta. Akafanya kama waimbaji wanavyofanya siku zote: alitunga wimbo wa kulalamika, wenye kuchekesha, juu ya mpiga tarumbeta. Askari wote wakaupenda, kwa sababu ulisema jambo lililokuwa moyoni mwao nao hawakuwa na ruhusa ya kulisema.

Mkuu wa kambi alitaka fedha za kujenga nyumba ya kupokea jamaa za askari waliokuja kuwatembelea. Alihitaji dola 35,000. Berlin akaandaa onyesho, waigizaji wakiwa askari wenyewe, hata nafasi za wanawake zikachezwa na askari waliovaa magauni. Onyesho liliitwa Yip Yip Yaphank, likachezwa New York katika mwaka ule wa 1918. Usiku wa mwisho, askari walishuka jukwaani kwa mwendo wa gwaride, wakapita katikati ya watu, wakatoka nje ya jumba. Watu waliokuwa wanacheka wakaelewa kwa ghafula kwamba vijana hawa ni askari kweli, na kwamba njia ya askari mwisho wake ni vitani. Wengi wakalia.

Onyesho lilileta zaidi ya dola 80,000. Na ile nyumba ya jamaa? Haikujengwa kamwe.

Jambo hili lishikeni. Wimbo ulifanya kazi yake, watu walitoa kwa moyo mwema, fedha zikapita lengo mara mbili, na jamaa waliendelea kukosa mahali pa kupokelewa. Wema wa wimbo hauzuii upotevu wa fedha. Tutalirudia.

3. Wimbo uliolala miaka ishirini

Kwa onyesho lile la 1918, Berlin alikuwa ametunga pia wimbo wa kuomba baraka ya Mungu juu ya Marekani. Akaona kwamba ni mzito mno kwa onyesho la kuchekesha, akauweka kando. Ukalala miaka ishirini.

Mwaka 1938 alirudi kutoka safari ya Ulaya akiwa na wasiwasi mkubwa, kwa maana vita nyingine ilikuwa inakaribia. Alitaka kutunga wimbo wa amani. Akaukumbuka ule wa zamani, akautengeneza, akabadilisha maneno kadhaa ili usiwe wimbo wa ushindi wa vita, akampa mwimbaji Kate Smith. Mama huyo aliuimba redioni tarehe 10 Novemba 1938, usiku wa kuamkia ukumbusho wa mwisho wa vita ya kwanza. Siku zile zile, tarehe 9 na 10 Novemba, kule Ujerumani masinagogi yalikuwa yanachomwa moto na Wayahudi wanapigwa na kukamatwa. Kwa hiyo, katika masaa yale yale, nchi moja ilisikia redioni sala ya mtoto wa Kiyahudi aliyekimbia moto, na nchi nyingine iliwasha moto ule ule upya.

Berlin hakuchukua faida ya wimbo ule. Mapato yake aliyatoa kwa vyama vya skauti wavulana na skauti wasichana.

Lakini hakuna wimbo unaopendwa na watu wote. Mwanamuziki mwingine, Woody Guthrie, alitoka katika jimbo la Oklahoma, ambako ukame na madeni vilifukuza wakulima wengi mashambani mwao katika miaka ya 1930. Alisafiri pamoja nao, akaona jinsi walivyodharauliwa walikofika. Kila alipousikia wimbo wa Berlin redioni alikasirika. Nchi yenye baraka, ndiyo. Lakini hawa waliofukuzwa baraka yao iko wapi? Mwaka 1940 akatunga wimbo wa kumjibu. Hakushika fimbo, hakumtukana mtu. Alijibu wimbo kwa wimbo. Hiyo nayo ni njia ya amani.

4. Vita ya pili na onyesho jipya

Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor, na Marekani ikaingia katika vita kuu ya pili. Serikali ikafikiri juu ya silaha, chakula, na pia juu ya moyo wa watu. Wakati ule televisheni haikuwa bado imeenea; watu walikwenda sinema. Kila wiki tiketi zaidi ya milioni 80 ziliuzwa katika nchi ile. Katika mwezi wa Juni 1942 serikali iliunda ofisi ya habari za vita, na ofisi ile ikawaomba watengenezaji wa sinema wajiulize kwanza kama sinema wanayotaka kuitengeneza itasaidia nchi kushinda.

Berlin, sasa mtu wa miaka zaidi ya hamsini na tajiri, alirudi katika kambi ile ile ya Upton, akaandaa onyesho jipya la askari. Lilifunguliwa New York tarehe 4 Julai 1942, siku ya uhuru wa Marekani. Lilipangwa kuchezwa wiki nne. Watu wakajaa hata likaendelea wiki kumi na mbili. Kisha likazunguka katika miji mikubwa, na mwanzoni mwa mwaka 1943 askari wale wakafika Hollywood kutengeneza sinema. Kampuni ya Warner Bros. ndiyo iliyoitengeneza. Faida yote ilipangwa kwenda katika mfuko wa kusaidia jamaa za askari wenye shida, uliokuwa umeanzishwa mwaka 1942.

Mwongozaji wa sinema aliitwa Michael Curtiz. Naye alikuwa mhamiaji, Myahudi kutoka Hungaria, na watu kadhaa wa familia yake waliangamia mikononi mwa Wanazi. Tazama basi: kazi ya kuwatia Wamarekani moyo ilikuwa mikononi mwa watu wawili waliotoka mbali, ambao ndugu zao walikuwa wanawindwa.

5. Yaliyomo katika sinema

Hadithi ya sinema ni nyepesi. Mcheza ngoma mmoja anaitwa jeshini mwaka 1917. Anaandaa onyesho pamoja na wenzake, wanakwenda Ufaransa, anaumia mguu na hawezi tena kucheza. Miaka inapita. Vita inarudi, na sasa ni zamu ya watoto wao. Mwana wa yule mcheza ngoma anapewa kazi ya kuandaa onyesho jipya. Baba alichezwa na George Murphy, ambaye baadaye alikuwa seneta. Mwana alichezwa na kijana mwingine mwenye sare, Ronald Reagan, ambaye mwaka 1981 alikuwa rais wa Marekani. Jina la Reagan lishike, tutalihitaji mbele.

Kijana huyo katika sinema ana mchumba. Msichana anataka wafunge ndoa. Kijana anakataa, anasema hataki kumwacha mjane. Wanagombana karibu sinema nzima. Mwishoni msichana anamshawishi wasingoje vita iishe. Wanafunga ndoa nyuma ya jukwaa, onyesho likiendelea.

Ndugu msomaji, hadithi ya mapenzi ya sinema inaweza kuonekana ni mchezo tu. Lakini ni mara ngapi tunasikia kambini maneno haya: tutaoana tukirudi nyumbani, mtoto atasoma tukirudi, nitapanda mboga tukirudi? Wengine wamengoja miaka mitatu, wengine kumi. Kurudi nyumbani ni haki yenu, wala msiiache. Lakini mtoto anakua leo.

Berlin mwenyewe anaonekana katika sinema, amevaa sare yake ya 1918, anaimba kwa sauti nyembamba wimbo ule wa kulalamikia tarumbeta. Kate Smith naye anaimba tena wimbo wake wa redio. Joe Louis, bingwa wa dunia wa ndondi wa uzani wa juu, mtu mweusi aliyekuwa askari, naye yumo. Mwishoni jeshi lote linaimba wimbo wenye ahadi: safari hii itakuwa ya mwisho, hatutarudia tena kupigana.

6. Mema yaliyotokana nayo

La kwanza ni fedha. Sinema ilileta zaidi ya dola milioni 9 kwa mfuko wa jamaa za askari, na mfuko huo bado unafanya kazi mpaka leo. Tofauti na nyumba ya 1918, safari hii palikuwa na chombo kilichojulikana, chenye kazi moja, na chenye kutoa hesabu. Berlin hakujilipa.

La pili ni umoja. Katika jeshi la Marekani la wakati ule askari weusi na weupe walitengwa: vikosi mbali, mabweni mbali, hata damu iliyotolewa kwa ajili ya majeruhi iliwekwa mbali. Berlin alitaka weusi wawemo katika kikundi chake. Kikundi kile cha waimbaji kikawa kikosi cha pekee katika jeshi lote ambamo weusi na weupe walikuwa pamoja. Katika safari zao walifanya kazi pamoja na kuishi pamoja. Haikuwa hotuba iliyowaunganisha. Ilikuwa kazi: mizigo ya kupakia, jukwaa la kujenga, mazoezi, na kikundi kimoja cha kujali jina lake.

La tatu ni kufika. Sinema ilipomalizika, askari wapatao 150 waliendelea na onyesho nje ya nchi. Walicheza London mwezi wa Novemba 1943, wakati mabomu yalikuwa bado yanaanguka. Walicheza Italia, na Roma walifika muda mfupi baada ya mji kukombolewa mwezi wa Juni 1944. Walipita Misri, Iran, India, kisha visiwa vya Pasifiki. Onyesho la mwisho lilikuwa tarehe 22 Oktoba 1945 katika kisiwa cha Maui, Hawaii. Watu kama milioni 2 na nusu, wengi wao askari, waliliona. Faraja haikungojea watu waje mjini. Ilipanda meli na malori ikawafuata walikokuwa.

7. Yale ambayo sinema haikuyaonyesha

Sasa tugeuze upande wa pili. Wimbo wa kutia moyo unaweza pia kufunika kilio cha jirani.

Katika sinema ile, wapo askari weupe waliopakwa rangi nyeusi usoni ili kuwachekesha watu. Ilikuwa desturi ya zamani ya kuwadhihaki weusi. Tena, askari weusi wa kweli wanapewa wimbo wao peke yao, kando. Kwa hiyo kikosi kilichoishi pamoja nje ya jukwaa hakikuonyeshwa hivyo juu ya jukwaa. Rais Truman alitoa amri ya kumaliza ubaguzi jeshini tarehe 26 Julai 1948 tu, miaka mitano baada ya sinema.

Kuna jambo kubwa zaidi, nalo linawahusu nyinyi mliohamishwa. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyofungua njia ya kuwahamisha watu wenye asili ya Japani waliokaa pwani ya magharibi ya Marekani. Watu wapatao 120,000 waliondolewa makwao, wazee na watoto wachanga pamoja. Theluthi mbili kati yao walikuwa raia wa Marekani waliozaliwa pale pale. Walipewa siku chache tu. Wakauza mashamba, mashua na vyombo kwa bei ya kutupa. Kwanza waliwekwa katika vituo vya muda. Kimoja kilikuwa kiwanja cha mbio za farasi cha Santa Anita, karibu na Los Angeles, si mbali na studio za sinema. Wengine pale walilala katika vibanda vya farasi, harufu ya mavi ikiwa bado katika kuta. Kisha wakapelekwa makambi kumi yenye waya wa miiba, jangwani na mabondeni. Kosa lao lilikuwa sura yao na majina yao.

Kwa hiyo mwaka ule mmoja, nchi moja iliimba juu ya baraka na uhuru katika majumba ya sinema, na ndani ya nchi hiyo hiyo watu walisimama foleni ya chakula kambini bila hatia. Na ndani ya makambi yale nao waliimba. Vijana waliunda bendi za dansi, watu wakacheza baada ya kazi. Hawakusahau walichonyang'anywa. Walitaka kubaki watu. Na vijana wengi wakajiunga na jeshi la nchi iliyowafunga wazazi wao.

Mmoja wao, Kazuo Masuda, aliuawa Italia mwaka 1944. Familia yake ilikuwa imefungwa kambini. Dada yake Mary alipotaka kurudi nyumbani California, watu walimtisha. Mwezi wa Desemba 1945 Jenerali Stilwell alikwenda mpaka nyumbani kwao, akampa Mary nishani ya kaka yake mbele ya watu. Katika sherehe za siku ile alikuwepo kapteni kijana, mwigizaji wa sinema, aliyesema maneno machache ya heshima kwa familia ile. Ni Ronald Reagan, yule yule wa sinema yetu.

Miaka ikapita. Waliohamishwa walidai haki yao kwa barua, kwa mashahidi na mahakamani, bila kuchoka. Tarehe 10 Agosti 1988 Rais Reagan alitia sahihi sheria ya kuomba msamaha kwa jina la taifa, na ya kumlipa kila aliyefungwa aliyekuwa bado hai dola 20,000. Siku ile alikumbusha habari ya Kazuo Masuda. Ilikuwa imechukua miaka 46, na wazee wengi walikuwa wamekwisha kufa. Msamaha ulichelewa, lakini ulikuja kwa sababu watu waliandika majina, tarehe na mali iliyopotea. Nyinyi pia, andikeni. Daftari moja katika familia: shamba lilikuwa wapi, nani walikuwa mashahidi, nani alikufa na wapi alizikwa.

Na sisi Wakongo, tulikuwa wapi wakati sinema ile inachezwa? Askari wa Force Publique walipigana Ethiopia, na tarehe 3 Julai 1941 Waitalia walijisalimisha kwao Saio. Vijijini, siku za kazi ya lazima zilipandishwa mwaka 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na watu wakarudishwa msituni kutafuta mpira. Mwezi wa Desemba 1941, mjini Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, wafanyakazi wa migodi waliogoma wakidai mshahara walipigwa risasi katika kiwanja cha mpira. Madini ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga, ndiyo yaliyotumika zaidi katika bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Hollywood haikutengeneza sinema ya kuwatia moyo wazee wetu wale. Ni juu yetu kuwakumbuka.

Na ile ahadi ya wimbo wa mwisho, kwamba safari hii ndiyo ya mwisho? Mwezi wa Juni 1950, hata miaka mitano haijatimia tangu onyesho la Maui, Wamarekani walikuwa wanapigana tena, kule Korea. Wimbo unaweza kutamani amani. Hauwezi peke yake kuitengeneza.

8. Wimbo unaoponya na wimbo unaoua

Katika eneo letu la Maziwa Makuu tunajua kwamba redio na wimbo vinaweza kuwa silaha. Kule Rwanda, mwaka 1993 na 1994, redio RTLM ilichanganya muziki mtamu na maneno ya chuki, na watu wengi waliipenda kwanza kwa sababu ya muziki wake. Mwimbaji mashuhuri Simon Bikindi alihukumiwa Arusha mwezi wa Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Mahakama haikumfunga kwa kutunga nyimbo, ila kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, akiwachochea watu kuwaua Watutsi.

Basi namna ya kupima wimbo ni ipi? Tunawapa vipimo vitatu. Kwanza: wimbo huu unamtaja jirani kama mtu, au kama nyoka, mende, adui wa damu? Pili: mtoto wa kabila lingine anaweza kukaa hapa ukiimbwa bila kuogopa? Tatu: ukimalizika, watu wanataka kufanya nini? Kulima, kuoana, kumsaidia mgonjwa? Au kutafuta panga? Wimbo wa Berlin juu ya tarumbeta unapita vipimo hivyo, kwa sababu ulimchekesha kila askari juu ya shida yake mwenyewe. Ile dhihaka ya kupaka uso rangi nyeusi haipiti, hata kama nia ilikuwa kuchekesha tu.

9. Mambo ya kushika

Kwenu familia. Msione haya kuimba. Kulia kuna saa yake, na wimbo una saa yake. Msibani tunaimba pia. Wafundisheni watoto nyimbo za kijiji mlichokiacha, pamoja na majina ya mito na milima yake, ili siku ya kurudi wasiwe wageni kwao. Wala msifute yaliyotokea. Simulieni kweli bila kumpa mtoto chuki ya kubeba.

Kwenu viongozi. Mkianzisha kikundi cha kuimba au cha michezo, changanyeni: wakimbizi na wenyeji, kabila hili na lile, wasichana na wavulana. Wapeni kazi moja ya kufanya pamoja, wala isiwe kusimama pamoja siku ya wageni tu. Mkikusanya fedha kwa jina la watu waliohamishwa, chagueni watu watatu wa kuzishika, mmoja wao awe mwanamke aliyehamishwa mwenyewe, na hesabu isomwe mbele ya wote. Msijenge nyumba ya Yaphank. Tena, msitumie ngoma kufunika shida. Maji yakikosekana kambini, wimbo hauwezi kujaza ndoo.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kambi au mtaa wenu, ni nyimbo gani zinazoimbwa na watoto siku hizi? Pimeni kila moja kwa vile vipimo vitatu.
2. Ni jambo gani mnalolingojea "tukirudi nyumbani", nalo lingeweza kuanza sasa?
3. Je, wapo jirani zetu wanaohukumiwa kwa jina au sura yao tu, kama Wamarekani wenye asili ya Japani mwaka 1942? Nani atasema neno kwa ajili yao?
4. Fedha au vitu vilivyokusanywa kwa jina letu mara ya mwisho vilifika wapi? Nani alitoa hesabu?

Wazee wanasema, haba na haba hujaza kibaba. Jibuni walau swali moja leo usiku, kabla ya taa kuzimwa. Mungu awalinde, na amani iwe katika kila nyumba na kila turubai. Kwaherini.